Mpira Ukae Kwanza Kwenye Begi

Tulifika saa tisa alasiri, jua la Bonde la Eyasi likiwa bado halijalegea, na kazi ya kwanza baada ya kushuka garini ilikuwa kuujaza mpira upepo. Pampu ilikuwa mikononi mwangu. Watoto wa Kihadzabe walitokeza kwenye vichaka wawili wawili, wakasimama kwa mbali kidogo wakisikiliza ile pampu inavyohema. Tulikuwa wanafunzi kumi na wanane wa chuo, likizo ndefu imeanza, tumechangishana muhula mzima, tumeombewa na kanisa, tuna mipira minne, jezi za njano, filimbi na jenereta ndogo. Mpango ulikuwa mwepesi: tucheze nao mchana, tuhubiri jioni.

Tulipanga viatu vyetu vikawa magoli. Mwenzetu aliyekuwa refa akachagua vijana kumi na mmoja walioonekana wakubwa, akawapa jezi, mpira ukaanza. Hazikupita dakika tano wale waliobaki pembeni wakaingia wote. Waliingia wasichana, wakaingia watoto wa miaka minne na mitano, akaingia na mzee mmoja mwenye upinde begani, anacheka, anaukimbilia mpira kama wenzake. Refa akapiga filimbi. Akasema kwa Kiswahili, mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi: kumi na mmoja tu, wengine nje. Walitoka. Na wale kumi na mmoja nao wakavua jezi, wakazikunja, wakaziweka chini, wakawafuata wenzao kivulini.

Jioni, katika taarifa tuliyotakiwa kuipeleka kanisani, mimi ndiye niliyeandika kwamba mwitikio wa michezo ulikuwa mdogo kwa sababu jamii haijazoea nidhamu ya mchezo. Nimeibeba sentensi hiyo miaka yote hii. Leo naiandikia makala, kwa sababu kila likizo inapokaribia naona vijana wengine wakipanga safari ileile, kwa moyo uleule mwema, na mara nyingi kwa kosa lilelile.

Niseme mapema kwamba sipingi safari hizo. Nimelelewa nazo. Anayevijua vyuo vya Tanzania anaijua nguvu ya vyama vya wanafunzi Wakristo: TAFES, USCF, UKWATA kwa wa sekondari, CASFETA, TYCS kwa Wakatoliki. Hao ni vijana wanaojinyima chakula cha jioni ili wapate nauli ya kwenda kuhubiri mahali wasipomjua mtu. Katika nchi ambayo kijana msomi hushauriwa kila siku ajitafutie yake, hilo si jambo la kubeza. Wanapokwenda kwa Wahadzabe, kwa Wasandawe wa Chemba, kwa Wadatoga au kwa Waburunge, wanakwenda kwa watu ambao wengi wetu huwaona kwenye kalenda za watalii tu. Huko kwenda peke yake kuna thamani.

Ninachopinga ni mpira kugeuzwa chambo. Mvuvi hamchezei samaki. Anamtupia kitu kitamu, macho yake yako kwenye ndoana, na samaki akishanasa chambo hakina kazi tena. Tulipokuwa tunajaza ule mpira upepo, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na hamu ya kucheza na watoto wale. Tulikuwa na hamu ya saa moja jioni, pale watakapokaa chini watusikilize. Watoto wana pua ya mambo hayo.

Mpira na injili havikukutana jana. Desemba 1857, David Livingstone alisimama mbele ya wanafunzi na walimu wa Cambridge akawaomba waje Afrika. Kutokana na wito ule vyuo vikuu vya Uingereza viliunda misheni yao wenyewe, UMCA, misheni ya vyuo vikuu kwa Afrika ya Kati. Jaribio lao la kwanza, huko Magomero katika nyanda za juu za mto Shire, liliishia makaburini. Askofu wao wa kwanza, Mackenzie, alifariki mwaka 1862, na mwaka 1864 Askofu Tozer akaihamishia misheni Unguja. Hapo, katika shule yao ya Kiungani, walikusanywa watoto waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine, kila mmoja na lugha yake na jeraha lake. Walimu wao walikuwa vijana waliotoka vyuoni ambako mpira ulihesabiwa kuwa sehemu ya malezi ya Mkristo, na mpira huo wakauleta Kiungani. Anayetafuta mizizi ya soka ya Unguja hawezi kuupita uwanja ule.

Hata michezo miwili ambayo wanafunzi wetu huicheza kila mwaka kwenye mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, ilizaliwa katika imani hiyohiyo. Mpira wa kikapu ulibuniwa na James Naismith mwaka 1891 huko Springfield, Marekani, katika chuo cha YMCA, chama cha vijana Wakristo, na mpira wa wavu ukabuniwa na William Morgan mwaka 1895, naye akiwa mwalimu wa michezo wa YMCA. Kwa hiyo kijana wa chuo anayeamini kwamba mchezo unaweza kubeba jambo la Mungu hajazua kitu kigeni. Ana ukoo mrefu nyuma yake.

Lakini katika historia ileile ya Unguja kuna burudani nyingine, ambayo kwangu ni kubwa kuliko mpira, nayo haitajwi kwenye semina zetu. Edward Steere alifika Unguja pamoja na Tozer mwaka 1864. Alitaka kujua Kiswahili, na njia mojawapo aliyoifuata ilikuwa kukaa na kusikiliza hadithi. Waswahili walimsimulia ngano, yeye akaandika. Mwaka 1870 akachapisha hadithi hizo katika kitabu, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na mwaka huohuo akatoa kitabu chake cha kufundishia lugha. Tafsiri ya Biblia nzima ilifuata baadaye. Mtu aliyekuja kufundisha alianza kwa kuburudishwa na wenyeji. Aliwaacha wacheze mchezo wao, yaani hadithi, yeye akawa mgeni kwenye mchezo huo, na ndani yake akaokota maneno ambayo baadaye yalimsaidia kulisema jina la Mungu kwa Kiswahili kinachosikika.

Na yupo Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyepitia utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa na misheni hiyo, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika UMCA. Alitumwa Chitangali, kusini, kwa Wayao, akafanya kazi huko miaka mingi. Wazungu wenye elimu kubwa kuliko yake walikuwepo. Yeye alikuwa na kitu ambacho wao walikihangaikia kwa kamusi: alipofungua mdomo, bibi kizee wa Kiyao hakuhitaji mkalimani.

Nirudi Eyasi. Siku ya tatu mipira ilikuwa bado imelala chini ya gari. Tulikuwa tumekata tamaa kidogo, na kukata tamaa kule ndiko kulikotuokoa, maana asubuhi ile hatukuwa na ratiba. Wavulana watatu walikuwa wanalenga shabaha. Walikuwa wamelitundika buyu tupu kwenye tawi, linayumba na upepo, nao kwa zamu wanalipiga kwa mishale isiyo na chuma. Mmoja wao hakuwa amefika miaka minane. Alipiga mara nne, akalipata mara tatu. Mwenzetu mmoja aliyekuwa anasomea uhandisi akaomba upinde. Alivuta, mkono ukamtetemeka, mshale ukaanguka hatua sita mbele ya miguu yake.

Kicheko kilichotoka pale sijakisahau. Watoto walilala chini. Wanawake waliokuwa wanarudi na mizizi walisimama kuangalia. Kila mmoja wetu akataka kujaribu, kila mmoja akashindwa, na kila tuliposhindwa walizidi kutusogelea. Kufika saa nne tulikuwa tumezungukwa na watoto wengi kuliko tuliowaona siku mbili zote, na wala hatujawaita.

Hapo ndipo alipokuja binti mmoja, labda wa miaka tisa, akamshika mkono yule mhandisi. Akamtamkia neno la Kihadza. Ndani ya neno kulikuwa na kidoko, ule mlio ambao ulimi hufanya unapobanduka kwenye kaakaa, kama anavyofanya mtu anayemhimiza punda. Mwenzetu akasema neno, kidoko kikatoka mwisho badala ya katikati. Binti akatikisa kichwa. Akasema tena, polepole. Mwenzetu akakosea tena. Basi yule mtoto akafungua mdomo wake wazi kabisa, akamwinamia, akamwonyesha kwa kidole ulimi unapokaa, upande gani unainuka, upande gani unashuka, kisha akamfumba mdomo mwenzetu kwa mikono yake miwili na kuufungua tena, kama fundi anayejaribu bawaba ya mlango. Walikaa hivyo muda mrefu. Mwishowe kidoko kikatokea mahali pake, na binti akageuka kwa wenzake akapiga makofi.

Tangu tufike, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtoto wa pale kuwa na kitu ambacho sisi hatukuwa nacho, na kutupa.

Wahadzabe ni watu 1,000 na kitu. Lugha yao haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Vidoko wanavyo Wasandawe pia, lakini lugha ni mbili mbalimbali. Wamezungukwa na Wairaqw, Wadatoga na Waisanzu, wenye lugha kubwa kuliko yao pande zote, na juu ya zote kuna Kiswahili. Mhadzabe aliyekua leo hujua Kiswahili cha kutosha kumwelewa mganga wa zahanati na ofisa wa wanyamapori. Kwa sababu hiyo wanafunzi wengi huniambia, kwani tatizo liko wapi, si wanatuelewa?

Wanatuelewa, ndiyo. Lakini tukumbuke wanapokisikia Kiswahili kinasema nini. Kiswahili ndicho kinachowaambia kwamba hapa hapawindwi tena. Kiswahili ndicho kilichokuja miaka ya 1960, pale serikali yetu changa, ikisaidiwa na wamisionari, ilipowakusanya wengi wao Yaeda ili wawe wakulima. Magonjwa yakawaingia, wengi wakafa, waliobaki wakarudi porini. Kiswahili ndicho kinachomwambia mtoto shuleni kwamba kile anachokisema na mama yake ni kelele za ulimi. Sisi Watanzania tuna haki ya kujivunia lugha yetu. Imetuunganisha, haikutugawa, na UNESCO imeipa siku yake, Julai 7. Ila kila mara tunapolalamika kwamba Kiingereza kinamdhalilisha mtoto wetu darasani, tukumbuke kwamba kando ya Ziwa Eyasi kuna mtoto ambaye kwake Kiingereza hicho ni sisi.

Na mhubiri akija na Kiswahili peke yake, bila kujua anafundisha somo la ziada ambalo halimo kwenye mahubiri yake: kwamba Mungu naye ni mgeni kutoka mjini, na ukitaka kusema naye uache kwanza ulimi wa mama yako. Hata tukihubiri upendo kiasi gani, somo hilo la ziada ndilo linalobaki. Lamin Sanneh, msomi wa Gambia aliyefariki mwaka 2019, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba Ukristo ulikua kwa kutafsiriwa, kwa kukubali kuingia kwenye lugha za watu na kubadilishwa sauti na lugha hizo. Siku ya Pentekoste hakuna aliyetakiwa kujifunza Kigalilaya kwanza.

Mzee mmoja, yuleyule aliyeingia uwanjani na upinde, alituuliza usiku ule kama huyo Mungu tunayemtaja ndiye Haine. Tulitazamana. Haine ni jina ambalo Wahadzabe wamekuwa nalo kabla babu zetu hawajasikia habari za misheni yoyote. Katika baadhi ya masimulizi yao anatajwa kama muumba, na jua, Ishoko, kama mkewe. Katika wanafunzi kumi na wanane waliojiandaa muhula mzima, hakuna aliyekuwa amelisikia jina hilo. Tulikuwa na kipeperushi cha hatua nne za wokovu. Swali la mzee halikuwemo. Mwenzetu akajibu kwa unyofu kwamba hatujui, na mzee akaonekana kuridhika zaidi na jibu hilo kuliko mahubiri ya siku mbili.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo najua litanigombanisha na baadhi ya ndugu zangu. Kesho yake tuliwakuta wanaume chini ya mti wanacheza lukuchuko. Wanakusanya vipande vya gamba la mti vilivyochongwa mviringo, kila mchezaji na chake, pamoja na kimoja kikuu, wanavirusha kwa pamoja vikagonga shina, na ushindi unategemea vimeangukia upande gani. Anayeshinda anachukua dau: mishale ya chuma, kisu, shanga, kitambaa. Wanacheza kwa kelele, kwa vituko, kwa kutaniana, na wanaweza kushinda hapo kutwa nzima.

Kiongozi wetu aligeuka akaondoka. Kamari, alisema. Na usiku ule alihubiri juu ya dhambi ya kamari.

Niliporudi chuoni nilitafuta kilichoandikwa juu ya mchezo ule. James Woodburn, Mwingereza aliyeanza kuishi na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, aliueleza kwa kina katika makala yake maarufu ya mwaka 1982. Aliona kwamba mwanamume haweki dau upinde wake, wala mishale yake ya ndege, wala mfuko wake wa ngozi. Vile vitu ambavyo kila mmoja lazima awe navyo ili ale havimo mchezoni. Kinachochezewa ni kile ambacho mtu anaweza kujilimbikizia. Aliona pia kwamba mshindi hasusi akaondoka na mali yake: wenzake wanambana aendelee kucheza, na akiendelea, vitu vinatoka tena mikononi mwake. Kwa njia hiyo mshale uliofuliwa upande mmoja wa nchi yao huishia upande mwingine, na hakuna mtu anayeamka amekuwa tajiri wa kambi. Hawana chifu. Hawana ghala. Mchezo wenyewe unawasaidia wasiwe navyo.

Sasa weka hilo kando ya kamari tunayoijua sisi. Katika lile gari tulilokwenda nalo, vijana wasiopungua wanne walikuwa na mikeka ya kubeti kwenye simu zao, wanasubiri matokeo ya Jumamosi. Hela ya mkopo wa elimu ya juu inaingia, inapita kwenye kubeti, inakwenda kwa kampuni ambayo kijana hataiona kwa macho. Hiyo ni kamari inayokusanya za wengi kwa mmoja. Lukuchuko inatawanya ya mmoja kwa wengi. Zote mbili tunaweza kuzijadili mbele ya Maandiko, na simwambii mtu asiwe na dhamiri. Lakini kuja na mkeka mfukoni na kuihukumu lukuchuko baada ya kuitazama dakika mbili, hilo halikuwa kazi ya Mungu. Lilikuwa kutojua, tukakuita utakatifu.

Ningependa siku ile tungekaa. Sisemi tungeweka dau. Tungekaa tukauliza kipande kikuu kinaitwaje, nani alimfundisha nani kukichonga, mshale huu umetoka kwa nani. Mchezo ni mahali ambapo watu husema wanachokiamini bila kuulizwa. Mgeni anayetaka kuzungumza habari za mali, kushiriki na ubinafsi, habari ambazo Yesu alizitaja mara nyingi kuliko tunavyopenda kukumbuka, pale chini ya mti angekuta mazungumzo hayo yalishaanza zamani.

Kosa kubwa kuliko yote tulilifanya usiku wa mwisho. Tulikuwa na projekta na shuka jeupe, tuna filamu ya maisha ya Yesu kwa Kiswahili. Tulichagua usiku usio na mwezi, maana picha huonekana vizuri gizani. Tuliwasha jenereta, shuka likawaka, watoto wakaja mbio. Watu wazima walikuja kwa kuchelewa, wakakaa nyuma, kimya. Baadaye, tunakunja nyaya, mama mmoja aliniambia taratibu, bila hasira yoyote:

“Mwanangu, usiku wa giza ni wa epeme.”

Sikujua maana yake. Nimeijua baadaye. Usiku usio na mwezi, moto ukizimwa, wanawake wa Kihadzabe huimba, na wanaume, mmoja baada ya mwingine, hucheza gizani wakiwa na kengele mguuni na manyoya ya mbuni kichwani. Ni ngoma ya kupatanisha, ya kukumbuka waliokufa, ya kuwarudisha watu pamoja. Inataka giza. Giza lenyewe ni sehemu ya ibada. Nasi tuliliwashia taa ya wati mia kadhaa na mngurumo wa injini, usiku ambao huenda walikuwa wameusubiri. Hawakutufukuza. Waliacha ngoma yao wakaja kutazama yetu.

Tuliandika kwenye taarifa kwamba mahudhurio ya filamu yalikuwa mazuri sana.

Mchungaji mmoja ninayemheshimu amewahi kuniambia, tukiwa tunajadili mambo haya, kwamba ninawavunja moyo vijana. Likizo ni wiki sita, alisema, hakuna muda wa kujifunza vidoko. Roho za watu hazisubiri sarufi. Namwelewa. Hofu yake ni ya upendo. Lakini Wahadzabe hawakuanza kuishi siku ya likizo yetu, na Mungu hakufika Eyasi kwenye gari letu. Kama kweli tunaamini hivyo, basi haraka yetu si haraka yake. Haraka ile, tukiichunguza vizuri, mara nyingi ni ya taarifa: idadi ya waliohudhuria, idadi ya walionyoosha mikono, picha ya watoto wenye jezi za njano. Watoto hao wamezoea kupigwa picha. Watalii hulipa kwenda kuwinda nao asubuhi moja, kisha hurudi hotelini. Mwanafunzi Mkristo anayekaa siku tano akaondoka na picha, kwa jicho la mtoto wa pale, ni mtalii aliyesahau kulipa.

Na gharama si kisingizio. Nimeziona bajeti za safari hizi, nimeziandika mwenyewe. Fulana zenye maandishi mgongoni, bango, mafuta ya jenereta. Fungu la mwalimu wa lugha sijawahi kuliona. Wakati vijana wa Kihadzabe waliosoma sekondari wapo, na wangeweza kuja chuoni wiki mbili kabla ya safari, wakalipwa kama anavyolipwa mwalimu yeyote, wakafundisha salamu, majina ya vitu, nyimbo mbili, na mambo ambayo mgeni hatakiwi kuyafanya, kuwasha taa usiku wa giza likiwa mojawapo. Watu sita wanaorudi mahali palepale miaka mitatu mfululizo wangefanya kazi ambayo kumi na wanane wanaobadilisha kijiji kila mwaka hawataifanya. Hata wahandisi wetu wanajua hilo: kisima hakichimbwi kwa kuhamahama.

Sitaki mtu anisome kwamba mpira ubaki chuoni. Alasiri ya siku ile ya buyu na mishale, watoto wenyewe waliufuata mpira chini ya gari. Hawakupanga timu. Hakukuwa na kumi na mmoja, hakukuwa na filimbi, magoli yalikuwa manne, baadaye matano. Yule mhandisi alikuwa anakimbia anapiga kelele neno la yule binti, kwa kuwa ndilo neno pekee alilolijua, na kila akilisema watoto wanampasia mpira. Mzee mwenye upinde alicheza mpaka jua likazama. Sikumbuki nani alifunga.

Wiki iliyopita kijana mmoja, kiongozi wa umoja wa wanafunzi katika chuo kimoja, alinipigia simu. Wanakwenda Eyasi mwezi ujao. “Shikamoo kaka,” akasema, “tunaomba ushauri, tuchukue mipira mingapi?” Nikamwambia mmoja unatosha, na wiki ya kwanza ukae kwenye begi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Sasa wiki nzima tutafanya nini, kaka?”

Nikamweleza habari za yule binti. Atakuwa mtu mzima sasa, pengine na watoto wake. Nikamwambia akifika aulize ni nani anaweza kumwonyesha ulimi unapokaa.